Mashine haiwezi kubashiri ufa ambao hatukuuandika

Juma la mwisho la muhula uliopita nilikuwa nikitembea Woodley, nikifuata barabara ya Joseph Kang'ethe kuelekea upande wa soko la Toi, nilipomkuta fundi mmoja ninayemfahamu kwa miaka mingi akitambaa kutoka chini ya basi la shule. Jina la shule hiyo nitaliacha, na sababu yake msomaji ataiona huko mbele. Mkononi alikuwa na bamba la springi lililokatika vipande viwili.

"Mwalimu," akaniita, maana hivyo ndivyo anavyoniita hata baada ya mimi kustaafu, "si wewe ndiwe uliyefundisha fizikia? Hebu tazama hapa. Hiki chuma hakikuvunjika leo."

Nikakitazama. Uso wa mvunjiko ule ulikuwa wa sehemu mbili, na mpaka baina yao ulikuwa dhahiri hata kwa macho yangu ya uzeeni. Sehemu kubwa ilikuwa laini, nyeusi kwa kutu na vumbi, yenye mistari myembamba iliyopindana mmoja baada ya mwingine mfano wa mistari ya gamba la kombe. Sehemu iliyosalia ilikuwa nyeupe, yenye kung'aa, na chembechembe za kukwaruza kama sukari. Ile nyeusi ndiyo njia uliyopita ufa kwa muda mrefu, ukitambaa kidogo kidogo. Ile nyeupe ndiyo iliyokatika kwa mpigo mmoja asubuhi ile, watoto wakiwa ndani ya basi. Hakuna aliyeumia. Dereva alisikia mlio, basi likainamia upande mmoja, akalisimamisha kando ya barabara.

Kulikuwa na kijana karibu nasi, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anasomea uhandisi. Naye akatia neno lake. "Mwalimu, mambo ya kubahatisha yamepitwa na wakati. Siku hizi tarakilishi inajifunza yenyewe. Unaipa vipimo vya chuma, nayo inakuambia kitavunjika baada ya kutikiswa mara ngapi." Fundi akacheka, akafuta mikono kwa kitambaa, akamwuliza: "Na hii springi yangu inaijua?"

Swali hilo sijaliacha tangu siku ile. Nimeona nililete kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, kwa sababu naamini jibu lake liko mikononi mwao kuliko mikononi mwa waunda programu.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Chuma huchoka. Chukua waya wa kutundikia nguo, uukunje mara moja, haukatiki. Ukunje na kuukunjua mara kadhaa, utakatika mikononi mwako, ingawa nguvu uliyoitumia mara ya mwisho haikuzidi ile ya mara ya kwanza. Ajabu zaidi ni kwamba chuma kinaweza kukatika hata kama hakijawahi kukunjwa hadi kupinda. Mzigo mdogo ambao kingeubeba milele kama ungetulia tu juu yake, utakivunja ukija na kuondoka mara milioni moja. Wahandisi wanauita ugonjwa huu uchovu wa metali, na idadi ya marudio ambayo kifaa kinayastahimili kabla ya kuvunjika ndiyo maisha yake.

Waliougundua kwa uchungu ni watu wa reli. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya garimoshi ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, mabehewa yakapandana na kushika moto, watu kwa makumi wakateketea. Miaka ya 1850 na 1860 Mjerumani August Wöhler, mhandisi wa reli, alijitolea kuzizungusha ekseli chini ya mizigo ya viwango mbalimbali na kuhesabu kila moja ilivunjika baada ya mizunguko mingapi. Mchoro unaotokana na hesabu kama zake, mzigo upande mmoja na idadi ya marudio upande wa pili, hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Mwanafunzi wa Woodley asidhani haya ni ya Ulaya peke yake. Reli ya zamani ya kwenda Kisumu inapita Kibera, hatua chache kutoka tulipo. Gurudumu la behewa lenye mzingo wa mita 2.8 huzunguka mara 350 hivi katika kila kilomita, na katika kila mzunguko upande wa juu wa ekseli unabanwa na kuvutwa kwa zamu. Behewa likienda kilomita 300 kwa siku, ekseli yake inapata marudio zaidi ya laki moja kwa siku hiyo moja. Haipiti miezi minne kabla hayajatimia milioni kumi. Hesabu hii inaweza kufanywa ubaoni kwa dakika tano, na nimeona mara nyingi jinsi darasa zima linavyonyamaza linapofika mwisho wake.

Sasa, kwa nini watu wakaitafuta tarakilishi? Sababu ni ya haki kabisa. Mashine ya maabara inayotikisa kipande cha chuma mara 50 kwa sekunde inahitaji zaidi ya saa 55 kutimiza marudio milioni kumi, na hicho ni kipande kimoja chini ya mzigo mmoja. Ili kuchora mchoro mmoja wa Wöhler wenye kutegemewa unahitaji vipande vingi, kwa kuwa vipande viwili vilivyokatwa kutoka nondo moja, vikalainishwa kwa mkono mmoja, vinaweza kuishi maisha yaliyoachana mara kadhaa. Badilisha kiasi cha kaboni, au joto la tanuri, au ukwaruzo wa uso, na kazi yote inaanza upya. Ni kazi ya miaka na ya fedha nyingi.

Hapo ndipo mashine inayojifunza inapoingia. Haipewi kanuni, bali mifano. Inaonyeshwa chuma cha aina fulani, kilichopitia tanuri la joto fulani, chini ya mzigo fulani, na inaambiwa kilivunjika baada ya marudio mangapi. Inakisia, inakosea, kosa lake linapimwa, nayo inajirekebisha kidogo. Hufanya hivyo maelfu ya mara. Kisha inaletewa mifano iliyofichwa, ambayo haijapata kuiona, ili ijulikane kama imeelewa au imekariri tu. Walimu wenzangu watatambua hapo mtihani wa kawaida kabisa, pamoja na ugonjwa wetu wa kawaida wa wanafunzi wanaokariri.

Na matokeo yake si ya kubezwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichapisha kazi iliyotumia kumbukumbu za NIMS, taasisi ya Japani ya utafiti wa vifaa, ambayo kwa miongo mingi imekuwa ikivunja vyuma kwa subira na kuandika kila kitu. Kutokana na viambato vya chuma na jinsi kilivyopikwa, programu zao ziliweza kubashiri kwa ukaribu mkubwa nguvu ya chuma hicho ya kuhimili uchovu. Ni kazi nzuri, na kijana wangu yule alikuwa na haki ya kujivunia taaluma yake.

Lakini hebu tuitazame mifano iliyotumika kuifunza mashine hiyo. Ilikuwa 437. Kati yake, 371 ilikuwa ya chuma cha kaboni na kile kilichochanganywa kidogo na metali nyingine. Mingine 48 ilikuwa ya chuma kilichogumishwa uso kwa kaboni. Ya chuma cha springi ilikuwa 18 tu. Tena yote yalikuwa majaribio ya maabara, si springi zilizotolewa chini ya basi baada ya kuoga matope ya masika na kupigwa na kila tuta la barabarani. Fundi aliuliza kama mashine inaijua springi yake. Jibu la kweli ni kwamba imewahi kuwaona jamaa zake wa mbali wachache, wakiwa wamevaa nguo za sikukuu.

Kuna atakayesema natia chumvi, kwamba chuma ni chuma. Huyo nampeleka Entebbe. Tarehe 2 Mei 1952 shirika la Uingereza la BOAC lilianzisha safari ya kwanza duniani ya kubeba abiria wa kulipa nauli kwa ndege ya jeti. Ndege hiyo aina ya Comet, yenye usajili G-ALYP, ilitoka London, ikapitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg. Afrika Mashariki, kwa hiyo, iliiona jeti ya abiria katika safari ile ile ambayo dunia ilianza kuijua. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Tarehe 8 Aprili Comet nyingine ikaanguka baharini kusini mwa Italia. Wachunguzi walizamisha kiwiliwili cha Comet katika tangi la maji huko Farnborough, wakakijaza shinikizo na kulipunguza mara kwa mara kana kwamba ndege inapaa na kutua, mpaka kikapasuka kutoka kwenye kona ya tundu lililokatwa ubavuni. Ulikuwa ni uchovu.

Jambo ambalo darasa lapaswa kulitafakari ni hili. Kabla ya hapo watengenezaji walikuwa wamekwisha kuijaribu sehemu ya kiwiliwili hicho zaidi ya mara 15,000 nayo ikastahimili. Ndege iliyoanguka Elba haikuwa imefikisha safari 1,300. Majaribio hayakuwa ya uongo. Ila kipande kilichojaribiwa kilikuwa kimetangulia kujazwa shinikizo kubwa kupita la kawaida ili kupima uimara wake, na tendo hilo lenyewe lilizivuta kona zake kwa namna iliyozikinga na nyufa. Ndege zilizobeba watu hazikuwa zimepata kinga hiyo. Takwimu zilikuwa sahihi kuhusu kitu kilichopimwa, na kitu kilichopimwa hakikuwa kile kilichoruka. Laiti mashine inayojifunza ingalikuwapo mwaka 1952 na kufundishwa kwa takwimu zile, ingaliipa Comet maisha marefu, na ingalitamka hivyo bila kusitasita.

Mfano wa pili uliondokea hapa hapa Nairobi. Tarehe 14 Mei 1977 ndege ya mizigo ya Boeing 707 ya kampuni ya Dan-Air, iliyokuwa imetoka London kupitia Athens, iliruka kutoka Nairobi kwenda Lusaka. Ilipokuwa ikikaribia kutua, bawa dogo la mkiani upande wa kulia liling'oka, na watu wote 6 wakafa. Ilikuwa imeruka zaidi ya saa 47,000, na ufa ulikuwa umetambaa ndani ya mhimili wa bawa lile dogo pasipo kuonekana. Uchunguzi ulibaini kwamba katika aina ile ya 707 bawa hilo lilikuwa limebadilishwa ili liwe gumu zaidi, sehemu ya ngozi yake ya juu ikatiwa chuma kisichoshika kutu badala ya aluminiamu. Ugumu ule ukauhamishia mhimili mzigo ambao hapo mwanzo haukuwa wake. Bawa jipya halikupimwa upya kwa uchovu. Baada ya ajali hiyo, ndege nyingine za aina hiyo zilikaguliwa, na baadhi yake zikakutwa na nyufa kabla hazijaua mtu.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu naliona kila siku pale Woodley likifanyika kwa udogo. Mabasi yetu mengi ni chesisi za lori zilizojengewa bodi na mafundi wa humu nchini. Springi ikilegea, mwenye gari haagizi nyingine. Anamwambia fundi aongeze bamba. Gari linainuka, linakuwa gumu, kila mtu anaridhika. Mzigo, hata hivyo, haukuondoka bali umehama, na pengine umehamia kwenye kishikio cha springi au kwenye ubavu wa chesisi. Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kuchomelea bamba lililokatika. Chuma cha springi kinapata unyumbukaji wake kutokana na jinsi kilivyopikwa na kupozwa kiwandani, na moto wa kuchomelea unaiharibu kazi hiyo pale pale penye jeraha. Nilimwuliza fundi wangu juu ya hili. Alijibu kwamba anajua, na kwamba mwenye gari akimwambia "choma tu, Jumatatu watoto waende shule", yeye hana la kufanya. Simtetei, wala simlaumu kama ninavyomlaumu mwenye gari.

Basi hakuna mashine popote duniani iliyofundishwa juu ya basi la namna hiyo: chesisi ya lori, bodi ya hapa, springi yenye bamba la kuongezwa, barabara yenye matuta. Kadhalika hakuna atakayetufanyia kazi hiyo kwa hisani. Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa ukutani unaonekana na mpita njia. Huu wa kwetu umejificha baina ya bamba na bamba, na kwa hiyo hauna budi kuandikwa na yule mmoja aliyeuona.

Kuandika huko ndiko ninakokuomba wewe mwalimu, na wewe mwanafunzi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, unadai miradi, na wazazi wengi wamechoka kununua rangi na maboksi ya kutengenezea vinyago vinavyotupwa Ijumaa. Huu ni mradi usiogharimu ila daftari na rula. Katika mitaa yetu kuna gereji za kutosha. Fundi anapotoa springi iliyokatika, iandikwe tarehe, aina ya gari, njia linayopita, springi ilikaa muda gani, kama iliongezwa bamba au iliwahi kuchomelewa, ilikatika mahali gani, na sehemu nyeusi ya mvunjiko ni milimita ngapi. Ipigwe picha pamoja na rula. Vyuo vya ufundi vingefanya zaidi, kwa kukipima chuma chenyewe ugumu wake.

Tena, na hapa wengi hukosea, ziandikwe pia springi ambazo hazikukatika. Daktari anayewaona wagonjwa peke yao hawezi kujua ugonjwa ni wa wangapi. Springi iliyotembea miaka minane na ingali nzima ni habari kubwa, kwani inatuambia maisha yake yanazidi miaka minane, hata kama hatujui yatakoma lini. Daftari la mivunjiko mitupu litaifundisha mashine kwamba kila springi hufa mapema, na bashiri za namna hiyo zitapuuzwa upesi kuliko zilivyokuja.

Kwa darasa ambalo halina gereji karibu, ule waya wa nguo unatosha kuanzia. Kila mwanafunzi aukunje wake kwa pembe ile ile, ahesabu, aandike. Watashangaa jinsi hesabu zao zitakavyoachana. Kisha wajaribu pembe nyingine, wachore, na wabashiri pembe ya tatu kabla ya kuijaribu. Wakimaliza watakuwa wamefanya kwa mikono yao yale ambayo mashine inayafanya kwa umeme, na kwa maoni yangu wataielewa vizuri zaidi kuliko mtu aliyenunua programu.

Najua kikwazo kikubwa si daftari. Kikwazo ni hofu. Nilipomwomba msimamizi wa usafiri wa shule ile ruhusa ya kuandika habari za basi lao, aliniuliza kwanza kama mimi ni mtu wa bima, kisha kama nina jamaa gazetini. Anayekiri kwamba springi yake ilikatika anaogopa polisi, anaogopa wazazi, anaogopa kulipa. Ndiyo sababu sikuitaja shule, na ndiyo sababu daftari ninalolipendekeza lisiwe na jina la mtu wala namba ya gari. Halmashauri zinazokagua magari, NTSA ikiwa ya mbele, zingetusaidia sana kama zingetangaza kwamba mwenye kuripoti ufa kwa hiari na kubadilisha kifaa hataadhibiwa kwa kuripoti. Zile 707 nyingine zilipona kwa sababu habari za Lusaka hazikufichwa.

Kijana wangu wa uhandisi nimempa changamoto. Nimemwambia nitamletea mistari mia moja ya springi za Ngong Road na Kibera, naye aiulize programu yake kabla sijamwonyesha majibu. Amekubali, ingawa alikubali kwa sauti ya mtu anayemstahi mzee.

Lile bamba lililokatika liko mezani pangu ninapoandika. Mjukuu wangu alipima sehemu nyeusi kwa rula yake ya shule akapata milimita 41 kati ya 70 za upana wote, na huo ndio mstari wa kwanza wa daftari letu. Basi lilirudi barabarani siku ya pili yake, likiwa na bamba jipya. Nilimtuma fundi anisomee kipimo cha mwendo ili tujue springi ya kwanza ilikwenda kilomita ngapi, na mpya inaanzia wapi. Alirudi akasema kipimo hicho kilikufa zamani, hata dereva hakumbuki lini. Nimeandika hivyo hivyo katika safu yake.